Maswali ya Gereji: Ekseli ya Nyuma Inayohimili Robo Maili

Safari hii tumeziweka pamoja barua zinazohusu kitu kimoja: ekseli ya nyuma ya magari ya Kimarekani ya V8, yale ya miaka ya 60 hadi 80, yanapopelekwa kwenye mbio za robo maili. Walioandika wako Marekani na nchi za Ghuba, ambako magari haya na njia zake za mbio zipo. Vipimo vya vipuri tumeviacha katika inchi kwa sababu ndivyo vinavyouzwa dukani.

SWALI: Ndugu mafundi, nina Chevrolet Camaro ya 1986. Nimeifunga injini ya inchi za ujazo 383 yenye toki (nguvu ya kusokota) ya Nm 650 hivi na giaboksi ya otomatiki TH350, lakini ekseli ni ya kiwandani, ile ya bolti kumi kwenye kifuniko, difu la uwiano wa 3.73. Kwa tairi za barabarani ilikuwa ikimaliza futi 60 za mwanzo kwa sekunde 2.0, msimu mzima, bila tatizo. Nikafunga tairi za mbio za inchi 28 zisizo na kashata. Jaribio la nne tu, pinioni (gia ndogo inayozungusha difu) ikapukutika meno. Injini ni ileile. Kwa nini sasa? Na ninunue ipi: Ford ya inchi 9, Chevrolet ya bolti 12, au Dana 60? Ninalenga futi 60 kwa sekunde 1.5 na robo maili chini ya sekunde 11. (Mpenda V8, Columbus, Ohio)

JIBU: Injini ni ileile, ndugu, ila umeng'oa fyuzi. Tairi ya barabarani ikizidiwa huteleza, na kuteleza huko ndiko kulikokuwa kunaiokoa pinioni yako.

Tazama hesabu. Gari na dereva tuseme kilo 1,600. Tairi ya inchi 28 ina nusu kipenyo cha mita 0.356, na futi 60 ni mita 18.3. Ukizimaliza kwa sekunde 2.0, mchapuko wa wastani ni mita 9.15 kwa sekunde mraba, na toki inayopita kwenye shafti mbili za nyuma ni kama Nm 5,200. Ukizimaliza kwa 1.5, mchapuko unafika 16.3 na toki kama Nm 9,300. Ni hesabu ya karibu, maana gari huwa limeshajongea kidogo kabla saa haijaanza kuhesabu, na mshtuko wa kwanza hupita wastani. Hata hivyo uwiano ndio huo: mzigo umepanda mara 1.78 na hujaongeza hata farasi mmoja.

Upande wa injini nao: 650, mara 2 (toki konveta, kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi ya otomatiki, huzidisha karibu mara mbili gari likiwa bado limesimama), mara 2.52 ya gia ya kwanza ya TH350, mara 3.73 ya difu. Unapata zaidi ya Nm 12,000. Uwezo wa kuvunja ulikuwapo siku zote. Tairi zilikuwa zinaukataa.

Kwa hiyo muuzaji anayekuuliza farasi wa injini peke yake bado hajauliza la maana. Mtajie uzito wa gari, aina ya tairi, sekunde za futi 60 unazotafuta, na giaboksi. Otomatiki husukuma, klachi ikiachiwa kwenye rpm (mizunguko kwa dakika) 5,500 hupiga kama nyundo. Magari mawili yenye muda uleule wa robo maili, moja la klachi na moja la otomatiki, hayastahili ekseli moja.

Ekseli uliyonayo usiitilie pesa tena. Krauni yake (gia kubwa inayozungushwa na pinioni) ni ya kipenyo cha inchi 7.5 hivi, shafti zina splaini (meno ya ncha ya shafti) 26 (28 kwa zile za mwishoni mwa miaka ya 80), na gamba lenyewe (nyumba ya difu) hujipinda mzigo ukiwa mkubwa. Likijipinda, pinioni husogea mbali na krauni, meno yanashikana kwa ncha tu, na jino linalobebeshwa mzigo kwa ncha hukatika. Kifuniko cha alumini chenye skrubu za kukandamiza kofia za beringi kitakuongezea siku chache, hakitaifanya pinioni iwe nene. Angalizo: bolti kumi si jina la ekseli moja. Ile ya inchi 8.5 iliyofungwa kwenye Camaro za 1970 hadi 1981 ni mnyama mwingine kabisa, na mtu anayeiuza kwa jina hilohilo huenda anakuuzia kitu kizuri.

Sasa zile tatu. Ford ya inchi 9 ilitoka kiwandani tangu 1957 hadi 1986, na leo unaweza kuijenga mpya nzima bila kipande kimoja cha Ford. Sifa yake ya kwanza ni kichwa cha difu kinachotoka mbele: unafungua nati kumi, unakivuta, unarudisha kingine chenye gia tofauti. Ya pili, pinioni imeshikwa na beringi tatu. Moja iko puani mwake, upande wa pili wa krauni, hivyo haina pa kukimbilia. Ya tatu, shafti zinashikiliwa nje, kwenye beringi za magurudumu. Ubaya wake ni kwamba pinioni imekaa chini sana, zaidi ya inchi 2 chini ya mstari wa katikati ya krauni. Meno yanashikana eneo kubwa, ndiyo nguvu yake, lakini pia yanasuguana kwa kuteleza, na msuguano huo unakula farasi kadhaa na kutoa joto.

Ya bolti 12 ya Chevrolet ina krauni ya inchi 8.875 na shafti za splaini 30. Inakula nguvu kidogo kuliko ya Ford, nayo ni nyepesi kiasi. Za asili kwenye magari madogo zilikoma mwanzoni mwa miaka ya 70, na bei ya zile nzima imepaa kwa sababu ya watu wa kurejesha magari katika hali ya asili. Kwa mbio nunua gamba jipya la kampuni ya Moser au Strange, lenye ncha za kushikilia beringi za nje. Ile ya kwenye pikapu usiikimbilie. Krauni inakaribiana kipimo lakini pinioni na vipuri vyake haviingiliani na vya gari dogo.

Dana 60 ina krauni ya inchi 9.75. Haivunjiki kirahisi, pinioni yake iko juu kuliko ya Ford kwa hiyo haili nguvu sana, ila ni nzito, na kubadili gia ni kazi ya kuchomoa vyote kutoka nyuma na kupima upya kwa shimu (vibati vyembamba vya kupangia nafasi).

Kwa gari lako tungefunga ya inchi 9, kichwa cha chuma cha nodula (chuma cha kutupwa kisichopasuka kirahisi), kishikio cha pinioni chenye beringi kubwa (madukani huitwa Daytona), na shafti za splaini 35. Kama ungeniambia gia ukishafunga hutazigusa tena na gari linatembea sana barabarani, tungeelekea kwenye bolti 12. Ukiwa na mpango wa turbo mwaka kesho, sema leo, ununue Dana mara moja.

Kuhusu splaini, yaani yale meno ya ncha ya shafti yanayoingia kwenye difu: idadi yake ni njia tu ya kutaja unene. Splaini 28 ni kama inchi 1.20, 31 ni inchi 1.32, 35 ni inchi 1.50. Uwezo wa kuhimili kusokotwa hukua kwa unene kipeo cha tatu, kwa hiyo kutoka 31 kwenda 35 unaongeza karibu asilimia 45, ilhali kwa macho tofauti ni ya ukucha. Shafti mpya zikifika, kabla hujazifunga zipige mstari mmoja wa rangi nyeupe, mnyoofu, kutoka ncha hadi ncha. Kila baada ya siku chache za mbio chomoa moja uangalie. Mstari ukianza kujizungusha kama mistari ya skrubu, shafti imeshakubali kusokoteka na haitarudi. Itoe ingali nzima.

Kwenye Camaro yako kuna jambo ambalo wauzaji wa ekseli za "gari lolote" hawalitaji. Kuanzia 1982 hadi 2002 gari hili lina mkono mrefu unaotoka kwenye gamba la difu na kwenda mbele hadi mkiani mwa giaboksi, ndio unaozuia ekseli isijiviringishe. Ekseli mpya lazima iwe na kishikio chake, na kwa futi 60 za sekunde 1.5 uhamishe ncha ya mbele ya mkono huo kutoka kwenye giaboksi uipeleke kwenye fremu ya kubebea giaboksi. Mkia wa TH350 ni alumini; haukuumbwa kubeba hilo.

Mwisho, sheria. NHRA (chama kinachosimamia mbio za robo maili Marekani) inataka shafti zisizo za kiwandani na kifaa cha kuzishikilia kwa gari lolote la sekunde 10.99 au chini yake, na pia kwa gari lolote ambalo difu lake limefungwa kabisa ili magurudumu mawili yazunguke kama kitu kimoja. Sababu utaiona kwenye jibu la Mustang hapa chini. Inataka pia kitanzi cha kuzuia propela shafti (ile inayopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi difu): chuma cha unene wa robo inchi na upana wa inchi 2, kizunguke shafti yote, kikae ndani ya inchi 6 kutoka krosi (kiungo chake) ya mbele. Kwa tairi za mbio, kitanzi hicho kinadaiwa kuanzia sekunde 13.99, kwa hiyo wewe ulishapaswa kuwa nacho.

SWALI: Nimepata ekseli ya Ford Explorer ya 1998, ile ya inchi 8.8, kwenye yadi ya magari mabovu kwa bei ya kutupa. Nataka kuiweka kwenye Mustang yangu ya 1966 yenye injini ya 302. Inakimbia sekunde 13 na kidogo. Wengine wananicheka, wanasema ni ekseli ya gari la kupelekea watoto shule. (Dada wa Mustang, Dallas, Texas)

JIBU: Waache wacheke, dada. Za Explorer za 1995 hadi 2001 zina shafti za splaini 31, breki za diski, na matundu matano ya rimu kwa duara la inchi 4.5, sawa na Mustang yako. Kabla ya kulipa soma kibandiko cha mlango wa dereva wa hiyo Explorer: msimbo wa ekseli ukianza na herufi D, difu lina klachi za kugawa nguvu magurudumu yote mawili. Ukianza na tarakimu, ni difu la kawaida.

Kazi iko kwenye upana. Ya Explorer ni kama inchi 59.5 kutoka uso wa kufungia rimu hadi uso wa pili, na ya Mustang yako ya asili ni inchi 57.25. Tena pinioni ya Explorer haiko katikati. Bomba la upande wa dereva ni refu, la abiria ni fupi. Hapo ndipo ujanja wenyewe ulipo: unakata karibu inchi 3 kwenye bomba refu, kisha unanunua shafti fupi nyingine ya Explorer na kuitumia upande huo pia. Pinioni inarudi katikati, na ukipata mkasa ugenini, shafti moja ya akiba inatosha pande zote. Usikate kwa namba yetu. Weka shafti mbili fupi juu ya benchi, pima, ndipo uguse msumeno.

Fundi mchomeleaji mpe maelekezo haya. Beringi na sili zote zitoke kwanza. Waya wa ardhi wa mashine ubane kwenye bomba lenyewe linalochomelewa, kamwe usipitishe umeme kwenye beringi. Ndani ya bomba na difu ipite fimbo nzito ya kunyooshea, ikae hapo muda wote. Achomelee inchi moja, ahamie upande wa pili, aache ipoe hadi mkono uweze kugusa, ndipo aendelee. Atakayechomelea mzunguko mzima kwa pumzi moja atakurudishia ekseli iliyopinda kama upinde, na utaijua kwa tairi za nyuma zinazolika upande mmoja na beringi zinazokufa kila baada ya miezi michache.

Akiwa hapohapo, amalize udhaifu wa kuzaliwa wa 8.8. Mabomba yake yameshindiliwa ndani ya gamba la chuma cha kutupwa na kushikwa kwa vidoa vichache vya uchomeleaji. Gari likiondoka kwa nguvu, bomba linaweza kuzunguka ndani ya gamba. Springi zinabaki zimelala, pinioni inaangalia juu. Bomba na gamba vichomelewe kwa fimbo ya nikeli, gamba likiwa limepashwa moto kwanza, nyuzi 200 au zaidi, kisha lifunikwe kwa blanketi la fundi lipoe polepole. Chuma cha kutupwa kikipoa ghafla hupasuka kando ya mshono, na mpasuko huo mara nyingi hauonekani hadi mafuta yaanze kutoka jasho.

Vikalio vya springi vya Explorer vikatwe, vipya vichomelewe mwisho kabisa, gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake na pembe ya pinioni imeshapimwa. Pinioni ya Explorer ina bamba la duara badala ya yoki, kwa hiyo agiza adapta ya krosi kabla propela haijaenda kukatwa.

Mpaka wake ni huu. Shafti za 8.8 zinashikiliwa kwa kiklipu cha umbo la C ndani ya difu. Shafti ikikatika, hakuna tena kinachoizuia, na gurudumu pamoja na kipande cha shafti hutoka nje ya gari, ukiwa kwenye mwendo. Kwa sekunde 13, hata 12, na injini ya 302, funga na ufurahi. Ukianza kuzisogelea 11, kata ncha za mabomba na kuchomelea ncha za Ford ya inchi 9 zinazoshika beringi nje. Vile vifaa vya kuondoa klipu bila kuchomelea vipo na NHRA huvikubali, lakini kwenye gari la barabarani huwa vinavujisha mafuta kwenye breki.

SWALI: Assalaam alaykum. Charger ya 1970, injini ya 440, otomatiki. Ekseli ni ya asili, inchi 8¾. Kila mtu hapa ananiambia nitoe niweke Dana 60. Gari lina futi 60 za 1.75. (Abu wa Charger, Muscat)

JIBU: Wa alaykum salaam. Kwa namba hiyo na giaboksi ya otomatiki, hakuna haraka. Soma kwanza tarakimu zilizotupwa kwenye kichwa cha difu, ubavuni, tatu za mwisho: 741, 742 au 489. Ya 741 ina shingo ya pinioni ya inchi 1⅜, ndiyo dhaifu. Ya 742 ni inchi 1¾. Ya 489 ni inchi 1⅞ na imechongoka, na gari la mwaka wako kwa kawaida ndiyo lilitoka nayo. Ukiwa na 742 au 489, weka shafti mpya za mbio na uendelee na maisha.

Tahadhari moja. Ekseli hii haina klipu wala beringi za kufunga tu bila kurekebisha. Ina beringi za kuchongoka, na nafasi ya shafti kwenda ndani na nje hurekebishwa kwa nati ya upande wa abiria, inchi 0.008 hadi 0.018. Shafti zote mbili hukutana katikati kwenye kizuizi kidogo cha chuma ndani ya difu. Ukifunga spuli (kipande cha chuma kinachounganisha magurudumu mawili) au difu lisilo na kizuizi hicho, marekebisho hayo hayana maana tena, na lazima uhamie beringi za gololi zilizofungwa, zisizorekebishwa. Watu husahau hili, wanafunga spuli na beringi za zamani, kisha wanashangaa shafti inagonga.

Dana ni haki yako siku futi 60 zikishuka chini ya 1.6 au ukiweka giaboksi ya klachi. Hata Chrysler wenyewe waliziwekea Dana zile za injini ya 440 na Hemi (injini nyingine yao kubwa) zenye giaboksi ya klachi ya gia nne. Ukifika huko propela itabidi ipimwe upya, usitumie ya zamani kwa kubahatisha.

SWALI: Nimesikia spuli ni nguvu na bei rahisi kuliko difu lolote. Gari langu naendea kazini siku tatu kwa wiki. Nifunge? (Msomaji, Minneapolis)

JIBU: Usifunge. Spuli ni kipande cha chuma kinachofanya magurudumu mawili kuwa kitu kimoja. Kwenye kona la nje linataka kwenda mbali zaidi kuliko la ndani, spuli inakataa, tairi zinaburuzwa zikilia, na shafti inasokotwa kila unapoingia maegesho. Huko Minneapolis, kwenye theluji, gari litaenda linakotaka lenyewe. Chukua difu la klachi, ukikubali kwamba klachi zitaisha na utazibadilisha, na utie ile dawa ya kulainisha klachi kwenye mafuta. Difu la gia za helikali kama Truetrac ni tamu barabarani, halihitaji dawa yoyote, ila gurudumu moja likinyanyuka hewani nguvu hupotelea huko. Kwa tairi za mbio si chaguo letu.

SWALI: Mimi tena wa Columbus. Nikishapata hiyo inchi 9, gia zipi? Marafiki wanasema 4.56. (Mpenda V8)

JIBU: Marafiki hawajapiga hesabu. Chukua rpm unazotaka kuvuka nazo mstari, zidisha kwa kipenyo cha tairi kwa inchi, gawa kwa maili kwa saa ulizozidisha kwa 336. Tuseme unavuka kwa maili 120, injini iko 6,400, gia ya juu ni moja kwa moja: 6,400 mara 28 ni 179,200, 120 mara 336 ni 40,320, jibu 4.44. Lakini toki konveta huteleza, tuseme asilimia 5, na kuteleza huko tayari kunapandisha injini. Toa asilimia 5, unabaki na 4.22. Chagua 4.11. Ina krauni ya meno 37 na pinioni ya meno 9. Kadiri namba inavyopanda ndivyo pinioni inavyozidi kuwa ndogo, kwa hiyo ukiwa katikati ya gia mbili, shuka.

Gia zinauzwa kwa vyuma viwili. Chuma cha 8620 ni kigumu juu na ndicho cha barabarani. Cha 9310 ni laini kiasi, humeza mshtuko wa kuondoka, lakini ukikitembeza barabarani huchakaa haraka. Wewe bado unaendesha gari lako wikiendi: 8620.

SWALI: Gereji moja imenifungia gia mpya kwenye Ford ya inchi 9. Sasa difu linavuma kuanzia kilomita 70 kwa saa, na nikiachia mafuta linanyamaza. Fundi anasema litazoea. (Msomaji, Sharjah)

JIBU: Difu linalovuma halizoei, linazidi. Kwanza litenge na kelele nyingine: mvumo unaobadilika ukipinda kushoto na kulia ni beringi ya gurudumu; mtikisiko unaopanda na mwendo bila kujali mguu ni propela au pembe ya pinioni. Wako unafuata mguu wa mafuta, basi ni namna krauni na pinioni zinavyokutana.

Mwambie akitoe kichwa, apake rangi ya kuonyeshea kwenye meno matano au sita ya krauni, azuie krauni kwa kipande cha mbao huku akizungusha pinioni kwa spana, mbele na nyuma. Alama inayobaki kwenye jino isome mwenyewe, usisimuliwe. Inatakiwa ikae katikati, kati ya kilele na shina la jino. Ikiwa imeshuka kwenye shina, pinioni imeingia ndani mno. Ikiwa imepanda kileleni, iko mbali. Ikisogea upande wa ndani au wa nje wa jino, shida ni mchezo kati ya meno, ambao upimwe kwa geji ya saa: inchi 0.006 hadi 0.010, sehemu nne tofauti za krauni. Sehemu moja ikitofautiana sana na nyingine, krauni haijakaa sawa; mara nyingi ni uchafu au ukingo wenye mkwaruzo chini yake.

Hapa mafundi waliozoea difu za GM hukosea. Kwenye bolti 12 shimu inakaa nyuma ya beringi ya pinioni, ukiongeza unene pinioni inaingia ndani. Kwenye inchi 9 shimu iko kati ya kishikio cha pinioni na kichwa, ukiongeza unene pinioni inatoka nje. Fundi anayesahau hilo anaweza kurekebisha mara tatu na kila mara akaharibu zaidi.

Mkazo wa beringi za pinioni upimwe kwa spana ya toki ya inchi-pauni, pinioni ikizunguka peke yake kabla krauni haijaingia. Namba iko kwenye karatasi ya gia. Kama ametumia ile bushi inayobonyea, abadilishe aweke ya chuma kigumu yenye shimu. Inayobonyea, kwa gari la mbio, huendelea kubonyea kidogo kidogo, nati inalegea, na kelele inarudi.

Ikishakuwa sawa: mafuta ya madini ya GL-5, 85W-140. Endesha dakika 15 hadi 20 kwa mwendo wa kawaida bila kukanyaga, zima, acha lipoe nusu saa nzima, rudia mara mbili tatu. Gia mpya zikichemka kabla hazijalaini huungua rangi ya bluu kwenye meno na ugumu wake hupotea. Kwenye kilomita 800 mwaga mafuta hayo, yapitishe kwenye sumaku: unga mweusi laini kama masizi ni kawaida, chembe zinazokwaruza kati ya vidole rudi nazo kwa fundi.